Tiketi ya Pakingi ya Kaunsili Uingereza: Namna ya Kuipinga Hatua kwa Hatua

Jumamosi moja nilipeleka sufuria mbili za pilau kwenye nyumba ya msiba, mashariki mwa London. Barabara ile ina mstari mmoja wa njano, yaani kuna saa ambazo huruhusiwi kuegesha, na maegesho ya wakazi yalikuwa yamejaa. Nikasimama mbele ya jengo, nikawasha taa za hazadi, nikaibeba sufuria ya kwanza kwa vipande vya kanga kwa sababu vishikio vilikuwa bado vya moto. Lifti mbovu, ghorofa ya tatu. Niliposhuka mara ya tatu kuchukua katoni za maji, nilikuta kibahasha cha plastiki kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Ndani yake tiketi, na askari wa pakingi hayupo tena.

Pale msibani karibu kila mtu mzima aliniambia neno moja: lipa nusu, yaishe, hawa hushindani nao. Mzee mmoja alinieleza kwamba amelipa tiketi tatu ndani ya miaka miwili bila kuuliza hata moja. Mimi sikulipa, na tiketi ile ilifutwa baada ya miezi minne. Tangu hapo nimewasaidia majirani na watu wa msikitini kwetu kuandika barua zao. Wengine wameshinda, wengine wameshindwa, na nilichokiona kila mara ni hiki: kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, haishindwi na hasira ya mtu, inashindwa na tarehe na karatasi. Wenzetu wengi wenye haki hupoteza kwa sababu walinyamaza, au walijibu barua moja wakadhani imetosha.

Haya ni ya Uingereza yenyewe, yaani England. Wales utaratibu unakaribiana sana. Scotland wana mabaraza yao na sheria zao, kwa hiyo aliye Glasgow asiyafuate haya neno kwa neno.

Ijue kwanza ni tiketi ya nani

Soma kichwa cha karatasi. Tiketi ya kaunsili imeandikwa "Penalty Charge Notice", pamoja na jina la kaunsili, au la Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, kama ulisimama kwenye barabara kuu za mistari myekundu. Tiketi ya kampuni binafsi, ile ya uwanja wa supamaketi au wa jengo la flati, huandikwa "Parking Charge Notice". Zote mbili hufupishwa PCN na kwa mbali zinafanana, lakini ni mambo mawili tofauti. Ya kaunsili ni adhabu iliyowekwa na sheria ya Traffic Management Act ya 2004. Ya kampuni ni madai ya mkataba, nayo ina njia yake ya rufaa ambayo siigusi hapa.

Tiketi ya kaunsili si jinai. Haiweki pointi kwenye leseni na haikupi rekodi ya polisi, kwa hiyo usiogope kuipinga kana kwamba unajitia kwenye kesi ya jinai. Na ukipata ujumbe wa simu unaosema unadaiwa faini ya pakingi, bonyeza kiungo ulipe leo, usibonyeze. Tiketi ya kweli hubandikwa kwenye gari, hukabidhiwa mkononi, au huja kwa posta.

Kiasi kinategemea mahali na aina ya kosa. Nje ya London kaunsili nyingi hutoza pauni 70 kwa makosa mazito na pauni 50 kwa mepesi. London inaweza kufika pauni 160. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ukishalipa, hata hiyo nusu, kesi imefungwa. Huwezi kulipa leo ukapinga kesho.

Kabla hujaondoa gari

Hapa ndipo kesi nyingi hupatikana au hupotea. Usiikunje tiketi ukaitupa kwenye kiti ukaondoka kwa hasira. Toa simu, upige picha kwa utaratibu: gari likiwa pale pale na magurudumu yake yote, kisha barabara nzima mbele na nyuma, mistari iliyo chini, ukingo wa barabara, kibao kilicho karibu zaidi na umbali wake kutoka kwenye gari. Kama mstari umefutika, inama uupige kwa karibu. Kama kibao kimefunikwa na matawi au kimegeuzwa, kipige kutoka pale anapokaa dereva. Umelipia kwenye mashine? Piga risiti ilivyokaa kwenye dashibodi, na skrini ya mashine ikiwa inaonyesha hitilafu.

Piga picha hata ya kibao kinachokuumbua. Askari ameshakipiga, na ni afadhali ujue mapema unapambana na nini.

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Katika maeneo yenye maegesho yanayodhibitiwa, kibao cha saa huweza kuwa mlangoni mwa eneo, mitaa kadhaa kabla ya ulipoegesha, na mstari mmoja wa njano ukawa hauna kibao chake. Kwa hiyo rudi kwa njia uliyoingilia, ukakitafute. Karibu na viwanja vikubwa kama Wembley kuna pia vibao vya siku za mechi na matamasha, na saa zake huwa tofauti na za siku za kawaida.

Baada ya picha, andika kwenye simu yaliyotokea: ulifika saa ngapi, ulifanya nini, nani alikuona. Baada ya wiki tatu hutakumbuka kama ilikuwa dakika kumi au ishirini.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye tovuti ya kaunsili, weka namba ya tiketi na namba ya gari. Picha za askari ziko humo. Zitazame kwa makini, uzihifadhi. Tazama pia kwenye tiketi muda ambao askari alilitazama gari kabla ya kuandika. Yangu ilisema saa 5:42 hadi 5:47. Dakika tano hizo zilikuja kuwa na maana.

Siku zinavyohesabiwa

Siku ya kupata tiketi ndiyo siku ya kwanza. Tiketi ikibandikwa Jumatatu tarehe 3, siku ya 14 ni Jumapili tarehe 16, na siku ya 28 ni Jumapili tarehe 30. Usianze kuhesabu kesho yake.

Tiketi ya kamera inayokuja kwa posta ina siku 21 za kulipa nusu, na barua ya posta inahesabiwa imekufikia siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Ila kamera haziruhusiwi kwa kila kosa la pakingi. Tangu Aprili 2015 kaunsili za England zinaweza kutuma tiketi za pakingi za kamera katika mambo machache tu: vituo vya basi, njia za basi, alama za zigizaga mbele ya shule, mistari myekundu, na baadaye njia maalumu za baiskeli. Ukiletewa kwa posta tiketi ya kamera ya mstari wa kawaida wa njano, hiyo peke yake ni hoja.

Na hili ni letu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Barua utaiandika kwa Kiingereza, na saa zetu zina tofauti ya saa sita na zao. Nimeona maelezo ya shahidi, mama mtu mzima, yaliyoandikwa na mtoto wake kwamba gari lilifika "at four" wakati mama alimaanisha saa nne asubuhi. Kaunsili ikajibu, na kwa haki, kwamba shahidi anazungumzia wakati mwingine kabisa. Kabla hujatuma, pitia kila saa iliyo ndani ya barua.

Je, una hoja?

Hapa lazima uwe mkweli na nafsi yako. Kama uliegesha kwenye mistari miwili ya njano, isiyoruhusu kuegesha saa yoyote, ukaenda kununua mkate, na mistari inaonekana vizuri, lipa nusu. Pauni 35 zinauma, lakini 70 zinauma zaidi.

Hoja ya kwanza kwa nguvu ni kwamba kosa lenyewe halikutendeka. Inaingiza mambo mengi. Kwenye mistari ya njano unaruhusiwa kushusha na kupakia mizigo, isipokuwa ukingo wa barabara una vialama vifupi vya njano vinavyokataza, na saa zake huandikwa kwenye kibao cheupe. Unaruhusiwa pia kusimama kwa muda unaohitajika kupandisha au kuteremsha abiria, na kwa mzee anayetembea kwa mkongojo muda huo ni mrefu kuliko wa kijana. Mzigo uwe mzigo kweli, kitu kizito au kikubwa kinachohitaji gari. Mfuko mmoja wa maziwa hautakusaidia.

Kama ulikuwa kwenye egesho halali lenye muda, la kulipia au la bure, sheria ya England inakupa dakika 10 za ziada baada ya muda kwisha. Muda wako uliisha saa 4:00, tiketi ikaandikwa saa 4:08? Inatakiwa ifutwe. Linganisha risiti na saa iliyo kwenye tiketi kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Dakika hizo hazihusu mistari ya njano, na hazihusu mtu ambaye hakulipa kabisa.

Aliyelipa kwa programu ya simu akakosea herufi moja ya namba ya gari, au akachagua namba ya mtaa wa pili, aambatanishe risiti. Ni kosa kisheria, lakini umelipa, na kaunsili nyingi husamehe mara ya kwanza ukiwaonyesha ushahidi. Mashine mbovu ni hoja dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Kama pembeni kuna mashine nyingine, au kibao kinasema lipa kwa simu, watakuuliza kwa nini hukufanya hivyo.

Mwenye Blue Badge, kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu, anaweza kuegesha kwenye mistari ya njano kwa muda usiozidi saa tatu katika sehemu kubwa ya England, akionyesha na ile saa ya karatasi ya muda aliofika, mradi hapakatazwi kushusha mizigo. Katikati ya London mambo ni mengine. City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden zina taratibu zao, na wageni wengi wenye Blue Badge hukamatwa huko.

Egesho lililofungwa kwa muda huwekewa kibao cha njano. Kama kibao kiliwekwa wakati gari lako tayari liko pale, tafuta picha ya jana yake, kamera ya mlango wa jirani, chochote. Ni hoja nzuri.

Kwenye vibao na mistari, tahadhari. Mstari uliofutika kabisa au kibao kisichosomeka kinaweza kukuokoa. Lakini usijenge kesi juu ya nukta. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Herron iliyotoka Sunderland, ilikataa hoja kwamba kasoro ndogondogo za alama zinabatilisha eneo zima. Kinachoulizwa ni kama dereva alipewa taarifa ya kutosha pale alipoegesha. Na kuna mambo ambayo hayahitaji kibao kabisa: mistari miwili ya njano, kuziba sehemu ya ukingo iliyoshushwa kwa magari au viti vya magurudumu, na ndani ya London, kupandisha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, hata gurudumu moja, isipokuwa palipo na kibao kinachoruhusu.

Isome pia karatasi yenyewe. Tiketi isiyo na mambo yanayotakiwa na sheria haisimami. Mwaka 2006 High Court iliamua hivyo katika kesi ya kaunsili ya Barnet, ambayo tiketi zake hazikuwa na tarehe ya kutolewa iliyotakiwa na sheria, na jaji hakujali kama dereva aliumizwa na upungufu huo au la.

Mwisho kuna huruma: ugonjwa wa ghafla, gari kuharibika, mtoto kukimbizwa hospitali. Kaunsili ina uwezo wa kufuta tiketi kwa sababu hizo katika hatua yoyote, ila italeta swali la ushahidi. Weka barua ya hospitali, risiti ya kuvutwa gari. Zieleze mapema, kwa kuwa mbele ya baraza la rufaa huruma peke yake haitoshi. Mwamuzi anaweza kuiomba kaunsili ifikirie tena, lakini yeye hafuti tiketi kwa kukuonea huruma.

Barua ya kwanza

Iandike ndani ya siku 14, kupitia tovuti ya kaunsili ili ubaki na uthibitisho. Mwongozo wa serikali unazitaka kaunsili, zikikataa pingamizi lililokuja ndani ya siku hizo, zikupe tena siku 14 za kulipa nusu. Kwa hiyo kwa kawaida barua ya kwanza haikugharimu kitu, na ndiyo sababu nashangaa watu wanapoikimbia.

Usihadithie maisha yako. Usitukane. Usiseme serikali ni wezi. Msomaji wa barua ana rundo mbele yake, na anatafuta vitu vinne: kosa gani, kwa nini si kosa, ushahidi uko wapi, unataka nini. Yangu ilisema hivi, kwa Kiingereza chepesi:

"Napinga tiketi hii kwa sababu kosa halikutendeka. Tarehe hiyo, kuanzia saa 5:35 hadi 5:55 asubuhi, nilikuwa nashusha mizigo mizito. Mizigo ilikuwa sufuria 2 kubwa za chakula na katoni 4 za maji. Niliipandisha kwa safari 4 hadi ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa haifanyi kazi. Mtaa una mstari mmoja wa njano na hakuna alama ya kukataza kushusha mizigo. Naambatanisha picha 5 na maelezo yaliyosainiwa na mwenye nyumba. Naomba tiketi ifutwe."

Kwenye barua yenyewe saa hizo ziliandikwa 11:35 na 11:55.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: askari alilitazama gari dakika tano, hakuona mtu akishusha kitu, pingamizi limekataliwa. Ilikuwa barua ya kunakili, na hata mambo niliyoyasema hayakujibiwa. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo wakalipa. Barua hii ya kukataa si hukumu. Imeandikwa na kaunsili ileile iliyokupa tiketi.

Notice to Owner: usikae kimya

Usipolipa, baada ya siku 28 kaunsili hutuma barua yenye kichwa "Notice to Owner". Inakwenda kwa mtu aliyeandikishwa DVLA, idara ya serikali ya magari na leseni, kuwa na gari, si kwa aliyekuwa anaendesha. Ulimwazima shemeji gari akapata tiketi? Anayedaiwa ni wewe. Kumtaja shemeji hakukuondoi, kwa sababu sheria ya kaunsili inamshika mwenye gari. Sisi tunaazimana magari kwa arusi, kwa misiba, kwa kumpokea mgeni Heathrow. Kabla hujatoa ufunguo, mwambie mwenzio tiketi yoyote akujulishe siku ileile.

Kosa kubwa kuliko yote ninaloliona ni hili: mtu aliandika barua ya kwanza, ikakataliwa, kisha ikaja "Notice to Owner", akaiweka kabatini akidhani ameshajibu. Hujajibu. Ile ya kwanza ilikuwa pingamizi lisilo rasmi. Hii ndiyo rasmi, una siku 28, na ni lazima uandike upya hata kama maneno ni yaleyale. Usipoandika hapa, mlango wa rufaa unafungwa.

Waliopata tiketi kwa posta hawana hatua mbili. Tiketi yao yenyewe ndiyo "Notice to Owner", na pingamizi lao la kwanza ni rasmi moja kwa moja.

Fomu ina orodha ya sababu za kuchagua: kosa halikutendeka, si mwenye gari wakati huo, gari lilichukuliwa bila idhini, kiasi kimezidi, kaunsili haikufuata utaratibu, tayari imelipwa, na nyingine. Weka alama kwenye zote zinazokuhusu. Nilichagua ya kosa kutotendeka, nikaambatanisha kila kitu tena, kisha nikaongeza aya moja: dakika tano za askari ni dakika nilizokuwa ghorofani, na mtu anayepanda ngazi na sufuria hawezi kuonekana kwenye gari.

Kaunsili ina siku 56 za kujibu. Ikipitisha siku hizo bila jibu, inahesabiwa imekubali, na tiketi lazima ifutwe. Kwa hiyo hifadhi uthibitisho wa siku uliyotuma.

Baraza la rufaa

Ikikataa tena utapata "Notice of Rejection", pamoja na maelezo ya rufaa na namba ya kuingilia mtandaoni. Una siku 28. London unakwenda London Tribunals. Kwingine England, na Wales, ni Traffic Penalty Tribunal. Ni bure. Waamuzi ni wanasheria wasioajiriwa na kaunsili. Ukishindwa unalipa kiasi kamili cha tiketi, na gharama za upande wa pili hutozwa tu kwa mtu aliyefanya mambo ya kipuuzi au yasiyo na maana kabisa.

Nawaomba watu wasilikimbie baraza hili. Neno rufaa linatisha, tunapata picha ya mahakama na majoho, lakini ni mazungumzo. Unaweza kuomba kesi iamuliwe kwa karatasi, au usikilizwe kwa simu au video, na unaweza kuwa na mtu wa kukusemea. Kama Kiingereza chako ni cha kazini tu, omba kusikilizwa badala ya karatasi, ukiwa na mwanao au rafiki pembeni. Mwamuzi akiuliza swali utalijibu. Karatasi haijibu.

Kaunsili inalazimika kutuma ushahidi wake wote, nawe unapata nakala. Usome: maelezo ya askari, picha, ramani, amri ya kisheria ya mtaa huo. Si mara moja kaunsili ikiona rufaa imesajiliwa hujiondoa yenyewe na tiketi ikafutwa bila hata kusikilizwa.

Yangu haikujiondoa. Nilisikilizwa kwa simu. Mwamuzi alikuwa na picha tatu za kaunsili, zote zikionyesha milango ya gari imefungwa. Akaniuliza kwa nini milango imefungwa kama nilikuwa nashusha mizigo. Nikamwambia ndani kulikuwa na chakula cha watu waliofiwa, mimi niko ghorofa ya tatu, sikuweza kuliacha gari wazi barabarani. Akauliza safari ngapi, sufuria zina uzito gani, nikamjibu. Akauliza nilikaa kwa muda gani baada ya safari ya mwisho. Sikukaa, niliondoa gari kwenda kuegesha mtaa wa tatu, na risiti ya egesho hilo ilikuwa miongoni mwa karatasi nilizotuma, saa 6:04. Risiti ile, ya pauni chache, ndiyo aliyoitaja kwenye uamuzi wake. Rufaa ilikubaliwa.

Kama umeshachelewa

Ukikaa kimya baada ya "Notice to Owner" au baada ya kukataliwa, inakuja "Charge Certificate" na deni linaongezeka kwa nusu: 70 inakuwa 105, 160 inakuwa 240. Muda wa kupinga kosa umepita. Usipolipa ndani ya siku 14, kaunsili inasajili deni kwenye Traffic Enforcement Centre, kitengo cha mahakama kilichoko Northampton, na unapata "Order for Recovery" pamoja na fomu ya TE9.

Fomu hiyo ina siku 21, na si mahali pa kueleza kwamba hukukosea. Ni kwa mtu ambaye utaratibu ulimruka: hukupata "Notice to Owner", au ulituma pingamizi rasmi hukujibiwa, au ulikata rufaa hukupata uamuzi, au ulishalipa. Chagua moja iliyo ya kweli, maana kuandika uongo humo ni kosa mbele ya mahakama. Siku 21 zikipita, ongeza fomu ya TE7 inayoeleza kwa nini umechelewa. Zote mbili zinakwenda Traffic Enforcement Centre, si kwa kaunsili.

Usipofanya lolote, madalali wa mahakama wanatumwa. Barua yao ya kwanza peke yake inaongeza zaidi ya pauni 70, na lazima wakupe siku 7 kamili kabla ya kuja. Wanaruhusiwa kuja kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Kwa deni la pakingi hawana ruhusa ya kuvunja mlango ziara ya kwanza, kwa hiyo huna haja ya kuwafungulia, ila gari lililoko barabarani wanaweza kulifunga mnyororo. Simu ya kwanza iwe kwao, kuwaambia umetuma TE9 na TE7, kisha utume kweli.

Karibu kila mtu niliyemsaidia katika hatua hii alikuwa na tatizo moja: amehama nyumba, na kadi ya gari, ile V5C, bado ina anwani ya zamani. Barua zote zilikwenda kwa mpangaji mpya. Kubadilisha anwani DVLA ni bure, na kutobadilisha kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000. Badilisha kwanza, kisha jaza TE9 ukieleza kwamba "Notice to Owner" haikukufikia. Ikikubaliwa, amri ya deni inafutwa pamoja na gharama za madalali, na kaunsili ikitaka kuendelea inatakiwa ikutumie "Notice to Owner" upya. Unarudi mwanzo, ukiwa na siku 28 na anwani sahihi.